Picha Juu ya Moto

Wifi yangu Tusajigwe alinipigia simu mwezi wa sita kuniambia kwamba jiko la zamani la mama yao linabomolewa, kama nataka kuliona niwahi kabla ya Jumamosi. Nikamwuliza nilione la nini. Akasema, "Wewe njoo, Mama Neema, ubishi utauleta hukuhuku." Basi nikafunga kibegi, nikapanda basi pale Ipogolo, Iringa, nikashuka Mbeya, nikapanda jingine la Tukuyu, na njia nzima nilikuwa na hasira. Hasira yenyewe si mpya. Ni ileile niliyoondoka nayo kwenye boma la wakwe zangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto mgongoni. Imezeeka pamoja nami ila haijastaafu. Watu wa umri wangu hupenda kusema wamesamehe. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, maana za maneno nazijua, na neno hilo sijawahi kulitumia kwa baba mkwe wangu. Jina lake siliandiki hapa. Kwao, Wanyakyusa, mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, hamtazami usoni, haketi naye chumba kimoja, na akikutana naye njiani anaingia shambani mpaka mzee apite. Mimi Mhehe wa Kihesa nililicheka jambo hilo siku ya kwanza, na mume wangu akalicheka pamoja nami, halafu akaniambia, "Cheka, lakini ukisikia kikohozi chake, ingia migombani." Nikawa naingia migombani. Mpaka leo mkono ukitaka kuandika jina lile, unagoma.

Mwaka ninaousema, lami ya kutoka Mbeya kwenda Iringa ilikuwa bado inang'aa, na sukari ilitafutwa kama ndugu aliyepotea. Ambakisye, baba Neema, alikuwa fundi wa magari kwenye karakana moja pale Mbeya, na sisi watatu tulikaa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Uvimbe niliuona mimi, asubuhi, nikimfunga kifungo cha juu cha ovaroli. Kifungo kilikataa. Shingoni upande wa kushoto palikuwa na kitu kama punje ya harage. Yeye akasema ni baridi. Baada ya mwezi mmoja punje zilikuwa tatu, na shuka zetu nilizianika kila siku kwa sababu ya jasho. Hospitali wakamkata kipande, wakakipeleka Dar es Salaam, wakampiga na picha ya kifua. Majibu yaliporudi yalikuwa ya Kiingereza, nikayasoma mimi, nikamwambia ni ugonjwa wa tezi. Siku tatu nilitembea na uongo huo. Ya nne, tulikuwa tumekaa kizingitini tunamenya viazi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama Neema, hii si kansa?" Nikasema ndiyo. Akamaliza kumenya kiazi alichokishika, akakitia majini, akachukua kingine.

Wakatupeleka hospitali ya misheni huko Iringa, kwa daktari mmoja Mzungu ambaye wagonjwa walimwita Daktari Pole, kwa sababu alianza nalo kila sentensi. Aliishika ile picha dirishani akatuonyesha: mbavu, moyo, na katikati ya kifua wingu jeupe pana kama kiganja. "Pole. Hizi ni tezi za ndani. Tutatoa sindano mara sita, mwezi kwa mwezi." Halafu akairudisha picha kwenye bahasha yake ya kaki, akanikabidhi mimi. Siku hizo picha ilikuwa mali ya mgonjwa, unatembea nayo. "Itunzeni sana," akasema. "Msiiguse kwa vidole, msiikunje. Tutaihitaji." Nikaibeba kama ninavyombeba mtoto. Kila mwezi tulilala wiki moja kwa shangazi yangu Kihesa, kwenye chumba alichokuwa akihifadhia viazi, na mpaka leo harufu ya viazi mbichi vyenye udongo inanirudishia sauti ya mume wangu akitapika kwenye karai, akitulia, akisema, "Samahani," kana kwamba amemwaga chai ya mtu. Nywele zilitoka. Nyusi zilitoka. Alichoweza kula ni uji wa ulezi wa moto uliokamuliwa limau, na shangazi aliukoroga akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kugombana na Mungu.

Baada ya sindano ya tatu alikuwa amekonda mno, karakana wakampa likizo, tukaenda kwao Tukuyu akapumzike. Huko alikula ndizi na maziwa ya mgando, akapata rangi kidogo. Siku ya kuondoka mama mkwe akanijia jikoni. "Baba yake anasema hiyo picha ya kifua cha mwanawe ibaki hapa. Anasema kifua cha mtu hakizungushwi kwenye mabasi, kila mwenye macho akione." Nikamwambia daktari ameagiza itunzwe. "Ndiyo hivyo, itatunzwa. Nani ataitunza kuliko baba yake?" Nilitaka kubisha, lakini wa kubishana naye alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi na udongo, anakohoa, na mimi siruhusiwi kumwona. Nikamtazama Ambakisye. Akasema, "Mwachie mzee. Hana kingine cha kunisaidia." Nikaitoa bahasha. Kama ningekuwa mgomvi siku hiyo kama nilivyokuja kuwa baadaye, pengine nisingekuwa na kisa hiki cha kuandika.

Sindano ya sita iliisha mwanzoni mwa kiangazi. Tezi za shingoni zilikuwa zimepotea kabisa, kifungo cha ovaroli kilifungika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu kwamba amepona. Wakampiga picha mpya. Daktari Pole akaipandisha dirishani, akaitazama kwa muda wa mtu kuvaa viatu na kuvivua. Wingu lilikuwepo bado, dogo, limejikunyata kando ya moyo. "Pole. Hapa kuna kivuli." Nikauliza kivuli cha nini. "Inawezekana ni kovu. Ugonjwa ukifa ndani unaacha kovu. Inawezekana pia ni ugonjwa wenyewe, bado hai." Nikauliza ni kipi kati ya hivyo viwili. "Sijui, mama." Mume wangu akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesafiri miezi sita na karai, na mtu aliyesoma miaka yote ile kwao Ulaya ananiambia hajui. Nikamwuliza sasa nani anajua. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: kama angeiona ile picha ya kwanza sambamba na hii, angepima wapi pamepungua na wapi hapajapungua, umbo lake lingemwambia kitu. "Naikumbuka ile, lakini kumbukumbu yangu si kipimo. Niletee." Kama ni kovu, sindano ziishe hapohapo, kwa sababu damu yake ilikuwa imeshuka na mwili hauzitaki tena. Kama ni ugonjwa, aongezewe nne, na upesi.

Wakamlaza angojee picha hiyo, na wodini kitanda cha pili alilala mzee mmoja mchimba dhahabu kutoka Makongolosi, mapafu yamejaa vumbi la mwamba. Alikuwa amesikia yote. "Bwana mdogo," akamwambia mume wangu, "na mimi wameniona kivuli. Nikawaambia hiyo ni dhahabu yangu, nimeivuta kwa pua miaka thelathini, pasueni tugawane." Ambakisye akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee akanigeukia. "Na wewe binti, usiwaangalie hivyo madaktari, watatuchoma sindano butu wodi nzima." Huko Kihesa nako hapakuwa na mapumziko. Nilikuwa chumbani namnyonyesha Neema, shangazi na jirani yake wako uani wanachambua maharage, nasikia maharage yakidondoka kwenye ungo, na katikati ya kudondoka jirani anasema, "Kivuli! Wazungu bwana. Wakishindwa kusema mtu anakufa, wanasema kivuli." Shangazi akamwambia, "Shusha sauti." Jirani akashusha, lakini si ya kutosha: "Mtoto wa watu ameshakuwa mjane, hajaambiwa tu." Nikatoka na Neema bado ziwani, nikamwambia, "Mama, mjane utakuwa wewe." Alikuwa na mume wake mzima, mlevi wa ulanzi, na aliishi naye miaka mingine ishirini.

Kesho yake nikamwacha Ambakisye wodini, nikamfunga Neema mgongoni, nikaenda Tukuyu. Nilifika mchana wa pili. Mama mkwe alikuwa jikoni anapika kande. Moto ulikuwa mkubwa kuliko wa kande. Nikamweleza. Akafurahi, kweli akafurahi, akafuta mikono. "Si unaona? Alijua itahitajika." Akachukua ngazi ya mianzi akaiegemeza, akapanda kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, pale walipoweka mahindi ya mbegu, yale marefu ya kuchagua, yaliyofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa ndani ya moshi ili fukusi asiyaguse. Kila nyumba ya huko ilikuwa na uchaga wa namna hiyo. Kitu kisichotakiwa kuharibika mpaka msimu ujao kilipandishwa huko. Akateremka na kifurushi cha majani makavu ya mgomba, cheusi kwa masizi, kimefungwa kamba mara nne. "Alipanda mwenyewe na miguu yake ile mibovu," akasema. "Na tangu siku ile haruhusu moto uzime. Akiamka anauliza, je, moto unawaka? Mchana anauliza. Kuni zimetuishia." Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia kikohozi, halafu sauti ya mzee ikimwuliza mkewe kwa Kinyakyusa. Mama mkwe akanitafsiria, ingawa nilielewa. "Anauliza kama imekauka vizuri." Nikasema, "Mwambie ndiyo. Mwambie ndaga, asante." Kifurushi sikukifungua. Nilikuwa nimeambiwa isiguswe kwa vidole, nikatii.

Daktari Pole alikata kamba kwa mkasi wa vidonda. Majani yakafunguka, ikatoka harufu ya jiko, harufu nzuri, ya nyama iliyokaushwa. Bahasha ilikuwa imekuwa rangi ya ngozi na imegandana na kilichomo. Alijaribu kuibandua taratibu kwa maji. Ndani palikuwa na kitu cha kahawia, kimejikunja kama ganda la mti, kina malengelenge. Akakishika dirishani hata hivyo. Ubavu mmoja ulionekana, upande wa juu. Palipotakiwa kuwa kifua cha mume wangu palikuwa na lengelenge moja kubwa limepasuka. Nikaona masikio ya daktari yanakuwa mekundu. "Iliwekwa wapi?" akauliza. Nikasema, "Ilitunzwa." Nikamwuliza: kama ingekuwa nzima, ungejua? Alifikiri. Nitamsifu kwa hilo hata leo, alifikiri kabla ya kujibu. "Pengine," akasema. "Pengine hata hivyo nisingejua."

Akatueleza njia zilizobaki. Kungoja miezi mitatu na kupiga tena, lakini kama ni ugonjwa, miezi mitatu ni mingi. Au kuongeza sindano nne bila kujua. "Ninyi mnasemaje?" Ambakisye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limemzidi, anachezea kifungo. Akasema, "Muulize mama Neema. Mimi mwili umechoka hata kuamua." Wakanitazama wote wawili, na yule mzee wa Makongolosi akageukia ukutani ili asinitazame. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilijua kupima eneo la pembetatu, nilijua miji mikuu ya Afrika. Nilikuwa na hasira na kivuli, na jirani wa shangazi, na kikohozi cha upande wa pili wa ukuta, na kungoja kulionekana kama kuingia tena migombani mpaka kitu kipite. Nikasema, "Endelea. Mchome." Daktari akaandika. Mume wangu akaniambia baadaye, tukiwa kwenye benchi la nje tunakula kiazi kilichochomwa, yeye anabandua ganda na kunipa mimi nyama yake, "Umefanya vizuri." Sikumwuliza alimaanisha nini. Sindano ya saba aliivumilia. Ya nane ilimshusha damu kabisa, akapata homa, na siku ya tano ya homa hiyo, saa nne asubuhi, kukiwa na jua na watu wanafagia varanda, akafa. Tezi hazikuwa zimerudi. Shingo yake ilikuwa safi kama ya mtoto. Nikamwuliza daktari amekufa na nini, ugonjwa au dawa. Mnajua alichonijibu.

Tukamzika kwao. Siku ya pili yake, wanawake wamejaa uani, nikasimama na khanga yangu nyeusi, nikapita katikati yao, nikaingia nyumba kubwa ambayo mguu wangu haukuwahi kuikanyaga. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Yule anakwenda wapi?" na mwingine, "Jamani, mshikeni!" Hakuna aliyenishika. Mzee alikuwa amekaa kitandani. Kwa nusu dakika nilimwona uso, mara ya kwanza na ya mwisho: pua ya Ambakisye, masikio ya Neema. Halafu akavuta blanketi akajifunika kichwa chote, kama mila inavyotaka, asitazamane na mkwewe. Nikaongea na blanketi. Nikasema, "Baba, ile picha mliipika. Mliiweka kwenye moto ikaungua, daktari hakuona kitu. Mngeiacha kwenye bahasha, mwanenu angekuwa hai." Maneno hayo nayakumbuka yalivyo, sijaongeza wala kupunguza. Blanketi halikusogea. Ningetaka anijibu, anitukane, anipige na fimbo yake. Hakuweza; mdomo wake haukuwa na ruhusa ya kuniambia kitu. Nikatoka, nikamfunga Neema mgongoni, na mchana huohuo nikaondoka. Ya kwamba ni mimi niliyesema "mchome", sikulitaja mle ndani, na sijalitaja kwa mtu yeyote miaka yote hii.

Sasa jiko lenyewe. Tusajigwe alinikuta barabarani, amekuwa bibi mnene mwenye magoti mabaya, tukakumbatiana, tukacheka jinsi kila mmoja alivyozeeka vibaya kuliko mwenzake. Mafundi walikuwa wameshaezua. Nikaingia, nikaangalia juu ya mafiga, na uchaga haukuwepo. Kuta zilikuwa nyeusi tititi, ila mahali miti ya uchaga ilipokuwa imechomekwa palikuwa na mashimo manane yaliyozibwa kwa udongo wa zamani. Nikamwuliza mbegu walikuwa wanaweka wapi.

"Kwenye debe," akasema. "Zinaliwa na fukusi, tunaomba za jirani. Kila mwaka hivyo, mpaka baba alipokufa, na baada ya hapo tukaona aibu kuurudisha uchaga."

"Nani aliutoa?"

"Yeye. Siku uliyoondoka, hujafika hata barabarani. Aliingia humu, mwanaume mzima anaingia jikoni kwa mkewe, akaung'oa kwa mikono. Mahindi ya mbegu yakamwagika motoni. Mama analia, yeye anang'oa. Akasema moto wake umekula mtoto wake, hakitawekwa tena kitu juu yake." Akaniangalia. "Akaishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Hakuota tena moto, hata masika. Alikaa nje na baridi ile."

Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Angekuambia nani? Yeye haruhusiwi kusema na wewe, na wewe hukurudi." Ndipo nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimeshika ukuta, masizi yanaingia kwenye kucha: kwamba daktari aliniuliza mimi, kwamba mimi ndiye niliyesema sindano ziendelee, kwamba hata picha ingekuwa nzima daktari alisema pengine asingejua. Alisikiliza mpaka mwisho. Fundi akasimama mlangoni na nyundo, akaona nyuso zetu, akarudi nje.

"Kwa hiyo haukuwa moto?" akauliza wifi yangu.

"Sijui, wifi. Hakuna aliyejua. Hata daktari hakujua."

Akatazama yale mashimo yaliyozibwa. "Basi hilo tu ndilo ungemwambia baba," akasema. "Kwamba hujui." Halafu akaokota jiwe moja la mafiga, akaniachia mawili mengine niyabebe mimi, tukatoka ili mafundi waangushe ukuta.